Karata, Deni na Usiku Mrefu: Mvuto wa Manga za Kamari nchini Japani

Mzungumzaji wa Kiswahili anayekutana na neno manga kwa mara ya kwanza huenda mawazo yake yakaelekea Arabuni. Manga ndilo jina walilolitumia watu wa pwani kwa Oman na nchi jirani zake. Mmanga ni mtu aliyetoka huko, na pilipili manga ingali jikoni hadi leo. Neno la Kijapani linalotamkwa vivyo hivyo halina udugu wowote na hilo. Limeundwa kwa vipashio viwili vyenye asili ya Kichina, kimoja kikiwa na maana ya jambo lisilo na mpango maalumu na kingine kikiwa na maana ya picha, na lilipata umaarufu baada ya msanii Hokusai kuanza kutoa mikusanyo ya michoro yake kwa jina hilo mwaka 1814. Kufanana kwa maneno haya mawili ni sadfa tupu.

Si hivyo kwa neno karata. Wajapani huita karata karuta, na hapa mwanaisimu ana haki ya kusimama, kwa sababu udugu ni wa kweli. Wareno walifika Malindi mwaka 1498. Walifika Tanegashima, kusini mwa Japani, mwaka 1543. Katika kila pwani waliacha mchezo na majina yake. Kiswahili kilichukua kopa, shupaza, pau na uru. Katika karata za kale za Japani zilizoigwa kutokana na zile za Wareno, makundi manne yaliitwa koppu, isu, hau na oru. Anayejua kwamba fonimu /p/ ya Kijapani cha kale imegeuka kuwa /h/ katika maneno mengi hatashangaa kuona hau ikisimama mahali pa pau. Wareno walifukuzwa Japani mwaka 1639, na ngome yao ya Mombasa ikaanguka mwaka 1698, lakini maneno ya mchezo yalibaki vinywani mwa watu ambao hawakuwahi kuonana. Kiswahili kilichukua hata dado kutoka kwa Wareno hao hao. Neno kamari lenyewe lilitoka upande mwingine, katika Kiarabu, na likaja pamoja na hukumu ya kidini inayolikataza.

Japani nako kulikuwa na makatazo, ingawa yalitoka kwa watawala zaidi kuliko kwa dini. Katika zama za Edo (1603–1868) serikali ilipiga marufuku karata za kamari mara kwa mara, na kila katazo lilizaa umbo jipya la karata ambalo halikutajwa katika amri iliyotangulia. Katika kukwepa huko ndiko zilikopatikana hanafuda, karata 48 zisizo na tarakimu wala wafalme, bali maua na miti ya miezi kumi na miwili, nne kwa kila mwezi. Kampuni ya Nintendo, inayojulikana leo kwa michezo ya kompyuta, ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 kwa kutengeneza karata hizo. Neno yakuza, linalotumika kwa magenge ya wahalifu, limetokana na mchezo wa karata ambamo hesabu ya mkono huchukuliwa kwa tarakimu ya mwisho tu: nane, tisa na tatu, yaani ya, ku na za, jumla yake ni 20, na tarakimu ya mwisho ni sifuri. Ni mkono usiofaa kitu. Watu walioitwa hivyo walijiita hivyo wenyewe, na jambo hili linastahili kukumbukwa, kwa maana ndilo litakalowaumba baadaye mashujaa wa manga za kamari: watu waliopewa sifuri na wakakubali kucheza nayo.

Sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 1907 inakataza kamari nchini Japani. Hata hivyo baada ya Vita Kuu ya Pili dola iliyokuwa na upungufu wa fedha iliruhusu mashindano ya umma yanayowekewa dau: farasi na baiskeli kwa sheria za mwaka 1948, pikipiki mwaka 1950, na mashua mwaka 1951. Pachinko, mchezo wa mashine na vigololi vya chuma, uliendelea kwa hila ya kisheria: mchezaji hulipwa zawadi, kisha huiuza zawadi hiyo katika kidirisha kilicho nje ya ukumbi, ambacho kisheria ni biashara nyingine. Kasino ziliruhusiwa kwa masharti mwaka 2018, na mpango wa Osaka ukaidhinishwa mwaka 2023. Hivyo kwa karne nzima Mjapani wa kawaida aliishi katika nchi ambamo kamari imekatazwa na ipo kila kona. Fasihi hupenda sana mahali pa namna hiyo.

Kabla ya manga kulikuwa na riwaya. Mwandishi Irokawa Takehiro (1929–1989), aliyepata Tuzo ya Naoki mwaka 1978, alikuwa na jina la pili, Asada Tetsuya, ambalo likitamkwa haraka husikika kama mtu anayesema kwamba kumekucha na hajalala. Kwa jina hilo la mzaha alianza mwaka 1969 kuchapisha Mahjong Hōrōki, kisa cha kijana anayeishi kwa mahjong na dado katika Tokyo iliyoteketezwa na mabomu. Ndani ya maandishi yake vigae vya mahjong vilichapwa kama herufi, msomaji akaweza kuuona mkono wa mchezaji na kuupima mwenyewe. Yamkini hapo ndipo ulipozaliwa mwafaka ambao manga za kamari zinauheshimu hadi leo: msomaji aonyeshwe vigae, asisimuliwe tu kwamba mchezo ulikuwa mkali. Mwafaka huo ulihamia kwenye majarida ya manga za mahjong, ambayo yalipata wasomaji wake miongoni mwa wanaume wazima waliojua mchezo.

Katika majarida hayo ndimo alimojitokeza Fukumoto Nobuyuki, aliyezaliwa mwaka 1958. Mchoro wake ulionekana mbaya, na kwa viwango vya shule ya sanaa ni mbaya kweli: pua kama kabari, taya kama jembe, mikono yenye vidole vinene. Lakini nyuso hizo haziwezi kufanana na za mchoraji mwingine, na zinapotokwa jasho na machozi msomaji huona aibu kama aliyefungua mlango asioruhusiwa. Manga yake iitwayo Ten ilichapishwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2002. Akagi, inayosimulia ujana wa mmoja wa wahusika wa Ten, ilianza mwaka 1991 na kumalizika mwaka 2018 ikiwa na juzuu 36.

Sehemu kubwa ya juzuu hizo inasimulia usiku mmoja. Ni mwaka 1965, na Akagi ameketi mbele ya Washizu, mzee tajiri aliyechoshwa na kila kitu isipokuwa kuona vijana wakifa mezani pake. Washizu anaweka fedha. Akagi anaweka damu, inayotolewa mwilini mwake kwa kipimo kadiri anavyopoteza. Kati ya vigae vinne vya kila aina, vitatu vimetengenezwa kwa kioo. Maana yake ni kwamba kati ya vigae 136 vya mahjong ya Kijapani, 102 vinaonekana na pande zote, na 34 tu ndivyo vyenye siri. Mwandishi mwenye pupa angedhani kwamba kufichua vigae kunaua mchezo. Fukumoto aliona kinyume chake. Panapokuwa na mambo mengi ya wazi, yale machache yaliyofichwa huwa mazito kupita kiasi, na mchezaji hasomi tena vigae bali anamsoma mwenzake anayevisoma. Usiku huo ulichukua karibu miongo miwili kuchorwa. Kuna wasomaji waliooa, wakazaa na kuwapeleka watoto shule huku Akagi akiwa bado hajainuka kitini. Malalamiko kuhusu mwendo huo hayakosi haki. Juzuu za mwishoni zimelegea, na kuna mahali pa kuzimu panapochosha. Lakini ucheleweshaji wenyewe ndio ufundi wa utanzu huu. Katika kamari halisi kigae huanguka kwa nusu sekunde. Katika manga nusu hiyo hupanuliwa hadi iweze kuingia hofu, hesabu, kumbukumbu ya utotoni na shaka, na mwisho wa toleo la juma hilo mkono ungali hewani. Kugeuza ukurasa hugeuka kuwa kitendo kile kile cha kugeuza karata.

Ten nayo ina jambo lisilotarajiwa. Juzuu zake tatu za mwisho hazina mashindano. Akagi amezeeka, ana maradhi yanayomla kumbukumbu, na ameamua kufa kabla akili yake haijamtoka. Rafiki zake wa zamani wanaingia chumbani mmoja mmoja kumshawishi abadili nia, naye anazungumza na kila mmoja kuhusu maisha yake huyo, si kuhusu kifo chake yeye. Kwa mtu aliyedhani kwamba mvuto wa manga za kamari ni fedha, kurasa hizo zinatosha kumrudisha nyuma. Fedha katika visa hivi ni kipimo tu. Kinachopimwa ni kama mtu anaweza kuamua jambo na kulisimamia wakati mwili wake wote unamwambia akimbie.

Kazi iliyoutoa utanzu huu katika duara la wacheza mahjong ilikuwa Kaiji, iliyoanza mwaka 1996 katika jarida la Weekly Young Magazine la kampuni ya Kodansha na kupata tuzo ya manga ya kampuni hiyo mwaka 1998. Wakati wake hauwezi kupuuzwa. Kipimo cha hisa cha Nikkei kilikuwa kimefikia kilele cha 38,915 tarehe 29 Desemba 1989, kisha kikaporomoka. Vijana waliomaliza masomo miaka ya 1990 waliingia katika kipindi ambacho Wajapani wenyewe wamekiita zama za barafu za ajira. Novemba 1997 kampuni kongwe ya hisa ya Yamaichi na benki ya Hokkaido Takushoku zilianguka katika mwezi mmoja. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2011 idadi ya watu waliojiua ilizidi 30,000 kila mwaka. Wakopeshaji wa watu binafsi walistawi katikati ya sheria mbili: moja iliweka kikomo cha riba kati ya asilimia 15 na 20 kwa mwaka, nyingine haikumwadhibu mkopeshaji mpaka avuke asilimia 40, na kati ya vikomo hivyo mtu aliweza kukamuliwa bila mwenye kumkamua kufungwa. Mwanya huo uliamriwa kuzibwa kwa marekebisho ya mwaka 2006, yaliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2010.

Kaiji ni kijana asiye na kazi ya maana ambaye alimdhamini mwenzake wa kazini katika mkopo wa yeni 300,000. Mwenzake ametoweka. Mkopeshaji anakuja kudai yeni 3,850,000. Msomaji anaweza kuchukua kalamu: riba ya asilimia 20 kwa mwezi, juu ya riba, kwa miezi 14, huzidisha deni karibu mara 12.84, na hesabu inatoka sawasawa. Mwandishi hakutia chumvi, alizidisha tu. Ubora wa manga hii umejificha hapo. Kabla dau la kwanza halijawekwa, msomaji ameshaona kwamba mchezo wa hatari zaidi ulichezwa siku ile Kaiji alipotia sahihi kwa ajili ya rafiki, pasipo meza wala karata.

Anapandishwa meli iitwayo Espoir, neno la Kifaransa lenye maana ya tumaini, pamoja na wadaiwa wengine. Mchezo ni ule wa watoto, jiwe, karatasi na mkasi, ila kila mtu amepewa karata 12, nne za kila aina, na nyota tatu. Karata iliyotumika hairudi. Anayemaliza karata akiwa na nyota tatu au zaidi anaokoka, asiyezifikisha huchukuliwa. Kanuni hiyo moja ya uhaba inaugeuza mchezo wa bahati kuwa soko. Watu wananunua karata, wanauza nyota, wanaunda ushirika, wanasalitiana. Kaiji anatapeliwa mwanzoni kabisa na mtu mpole aliyemshauri watoke sare mpaka karata ziishe. Baadaye, katika mchezo mwingine, kuna karata za mfalme, raia na mtumwa: mfalme humshinda raia, raia humshinda mtumwa, na mtumwa humshinda mfalme kwa kuwa hana tena cha kupoteza. Katika nadharia ya michezo kanuni hiyo haina jipya, ni ule mduara wa jiwe na karatasi. Kama sitiari ya kijamii, wasomaji wa miaka hiyo hawakuhitaji kufafanuliwa.

Hapa pana kitendawili ambacho wahakiki wamezoea kukipita haraka. Manga za kamari zinazopendwa zaidi zinaiondoa bahati. Mchezaji wa kweli wa mashine au farasi hana sababu ya kushinda isipokuwa kubahatisha, na ndiyo maana hadithi yake haisimuliki: alipata, alipotea, basi. Kaiji hushinda anapogundua hila ya mpinzani na kuigeuza dhidi yake. Kila ushindi una sababu inayoweza kuelezwa, na dalili zake zilikuwa mbele ya macho ya msomaji kurasa kadhaa nyuma. Kwa muundo, kwa hiyo, visa hivi viko karibu na hadithi ya upelelezi kuliko mchezo wa pata potea. Vinamwahidi msomaji kwamba ulimwengu ulioonekana kuwa wa bahati mbaya tupu una mtu nyuma yake, na mtu huyo anaweza kufahamika. Kwa kizazi kilichoambiwa kwamba kukosa kwake kazi ni hali ya uchumi, kama mvua au kiangazi, ahadi hiyo ilikuwa na uzito. Je, ni ahadi ya kweli? Kwa sehemu tu. Na Fukumoto anaonekana kulijua hilo, maana fedha anazoshinda Kaiji hazikai. Hupotea katika mchezo unaofuata, mara nyingi kwa tamaa yake mwenyewe.

Sura iliyo bora kuliko zote za kamari katika Kaiji yamkini ni ile isiyo na kamari. Kaiji ametumwa chini ya ardhi kufanya kazi ngumu ya kulipa deni, kwa mshahara wa fedha za bandia ziitwazo perika, ambazo kumi ni sawa na yeni moja. Amekusudia kuweka akiba ili anunue ruhusa ya siku moja juu ya ardhi. Siku ya mshahara msimamizi wa kikosi anampa kopo la bia baridi, bure, kwa ukarimu. Kaiji analia kwa utamu wake. Kesho yake ananunua kopo la pili, kisha chakula cha kusindikiza, akijiambia kwamba ataanza akiba mwezi ujao. Hakuna dado lililorushwa bado, na ameshashindwa. Msimamizi naye hakuvunja kanuni yoyote.

Kwa mwanafunzi wa lugha, Kaiji ina utajiri mwingine. Katika kurasa zake hewa yenyewe imeandikwa zawa zawa, maneno yanayotawanyika juu ya vichwa vya watu wakati mambo yanapokaribia kugeuka. Ni tanakali inayotaja mchakacho wa majani au mnong'ono wa umati, na kutokana nayo Kijapani kina kitenzi cha kuchafuka kwa utulivu. Fukumoto aliihamisha kutoka katika umati hadi ndani ya kifua cha mtu mmoja. Kiswahili kina tanakali za sauti nyingi, na baadhi zinaeleza hali isiyo na sauti: fofofo ya usingizi, pepepe ya weupe. Mtafsiri wa Kiswahili atakayeifikia zawa zawa atajaribiwa kuandika minong'ono, na atakuwa amekosea, kwa sababu nomino inamwambia msomaji kwamba kuna watu wanaonong'ona, ilhali pengine chumbani hakuna mtu. Kuiacha ilivyo si uvivu. Silabi zake zote ni wazi, zinaishia kwa irabu, na ulimi wa Mswahili hauna shida nazo.

Meza ya kamari imetoa maneno ya nyumbani pia. Mjapani aliyebakiza hatua moja kufika jambo husema amefika riichi, tamko la mchezaji wa mahjong aliyebakiza kigae kimoja. Aliyebanwa na kazi hadi akapoteza utulivu hutumiwa kitenzi tenparu, kilichotokana na tenpai, jina la hali hiyo hiyo ya kusubiri kigae cha mwisho. Hali moja mezani imezaa maana mbili mitaani, tumaini na taharuki, na haihitaji ufafanuzi mrefu kueleza kwa nini.

Waliofuata nyayo ni wengi. Kaitani Shinobu alitoa Liar Game (2005–2015), ambamo shujaa ni msichana anayeamini kila aambiwalo, na pengine ndiyo kazi pekee ya kundi hili inayouliza kwa dhati kama wachezaji wote wangeweza kushinda wakishirikiana. Usogui ya Sako Toshio (2006–2017) ina hesabu kali na damu nyingi. Kakegurui, iliyoanza mwaka 2014, inahamishia kamari katika shule ya matajiri; michoro yake ni mizuri, ila deni humo limekuwa pambo, na msomaji aliyetoka kwa Kaiji huiona nyepesi. Nje ya Japani, Kaiji ilitengenezewa filamu ya Kichina, Animal World, mwaka 2018, na Hwang Dong-hyuk, mtunzi wa tamthilia ya Kikorea Squid Game ya mwaka 2021, ametaja Kaiji na Liar Game miongoni mwa kazi zilizomchochea. Korea nayo ilikuwa na wadaiwa wake.

Wapo wanaosema kwamba manga hizi zinafundisha kamari. Hoja hiyo ni ya zamani na inafanana na ile iliyotolewa Afrika Mashariki dhidi ya fasihi pendwa tangu miaka ya 1970: kwamba vitabu vya ujambazi hufuga majambazi. Haiwezi kutupwa nje bila kusikilizwa, kwa kuwa picha ya shujaa anayeshinda kwa akili yaweza kumdanganya mtu kwamba akili inatosha mbele ya mashine isiyo na uso wa kusomwa. Lakini kazi ihukumiwe kwa yanayosomeka ndani yake. Kaiji haikuficha gharama: vidole, masikio, marafiki, miaka.

Sehemu ya sita ya Kaiji ilianza mwaka 2017. Safari hii ameshinda yeni bilioni 2.4 kutoka kwa mtoto wa tajiri yule yule aliyemtesa, na ameondoka nazo pamoja na wenzake wawili. Kwa noti za yeni 10,000, ambazo kila moja ina uzito wa takriban gramu moja, hiyo ni mizigo ya kilo 240. Humo hamna mchezo wa kubuniwa, wala meli, wala vigae vya kioo. Kuna gari, ramani, watu wanaowasaka, na swali la mahali pa kulala usiku huo bila kuyaacha mabegi.